Dola 140 za Kusikiliza Bati

Wiki mbili zilizopita, hapa Columbus katika jimbo la Ohio, nililipa dola 140 ili mtu asikilize gari langu. Sikulipia spea, wala sikulipia kufunguliwa kitu na kufungwa kingine. Nililipia kusikilizwa, na siku nzima nilijiona nimeibiwa mchana kweupe. Kila nilipokanyaga mafuta, gari lilitoa mlio kama wa sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo, hasa mshale wa mizunguko ya injini ulipokaribia 2,000. Ulipovuka 2,500 mlio ulinyamaza, gari likaenda kimya kana kwamba halijawahi kuwa na neno.

Fundi alianza kwa kuchomeka kompyuta. Haikuona kitu, na isingeweza kuona, kwa sababu bati lililolegea halina waya wa kulisemea. Kisha akapiga resi taratibu gari likiwa limesimama bila gia, na mlio ukaja palepale. Jambo hilo peke yake lilimpunguzia nusu ya kazi, kwa kuwa injini inayogonga kwa ajili ya mafuta mabovu hugonga ikiwa imebeba mzigo, na maunti iliyochoka, yaani mpira unaoshikilia injini, nayo husema zaidi pale injini inapojivuta ili gari liondoke, ilhali mlio unaokuja hata gari likiwa limetulia mara nyingi ni wa kitu chepesi kinachotetemeshwa na mzunguko fulani wa injini. Akasubiri bomba la moshi lipoe, akalinyanyua gari, akavaa glavu na kuanza kulipigapiga bomba kwa ngumi kutoka mbele kuelekea kwenye sailensa. Alipofika kwenye bati la kukinga joto, lile linalofunika masega, yaani kisafisha moshi kilichoungwa kwenye bomba, kopo la sarafu likalia. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imekula bolti mbili. Alizungusha klipu mbili za hosi, akazikaza kwa bisibisi, na kwenye risiti akaziandika dola 6.

Dola 140 za kutafuta, dola 6 za kutengeneza. Nilikasirika mpaka nilipokumbuka mlio kama huohuo ulivyonitesa Dar es Salaam mwaka 2017.

Kule Tabata nilibadilishiwa plagi nne, mlio ukabaki. Nikabadilishiwa maunti ya injini; mlio ukabaki. Fundi wa tatu akasema masega yamevunjika ndani, jambo ambalo kwa kweli huweza kutokea, lakini hakuyagonga wala kuyatikisa ili ahakikishe. Aliyakata, akachomelea bomba tupu mahali pake, akaondoka nayo. Masega yana platini, paladi na rodi, madini yenye thamani kubwa, na ndiyo maana hapa Marekani wezi huingia chini ya magari usiku na misumeno ili kuyakata. Mimi wa kwangu nilimlipa. Mlio uliondolewa na kijana wa nne, aliyeling'oa bati la kukinga joto lililobaki chini ya sakafu kwa mikono mitupu na kuniambia kwamba halina kazi. Kazi linayo: masega yanapofanya kazi joto lake hupita nyuzi 400 za Selsiasi, na bati ndilo linalozuia joto hilo lisifike kwenye sakafu ya gari au kwenye majani makavu unapoegesha. Jumla nilitumia zaidi ya shilingi 400,000.

Najua mtakayosema. Mtasema mbeba boksi wa ughaibuni ameonja theluji misimu mitano na sasa anawadharau mafundi waliomtengenezea gari kwa mkopo. Sivyo. Fundi wa kwetu anayeegemeza sikio kwenye mpini wa bisibisi ndefu ili asikilize injini hahitaji kufundishwa na mtu wa Ohio, na tusisahau kwamba huyu wa Ohio, kompyuta ilipomshinda, alirudi kwenye ngumi na sikio kama mtu yeyote wa Tabata. Nasema tofauti haiko kichwani mwa fundi, iko mfukoni mwa mteja. Hapa bei ya kutafuta iliandikwa kabla hajafungua boneti, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuniuzia plagi. Kwetu, ni nani kati yetu aliyewahi kumlipa fundi kwa kugundua tu? Akikuomba shilingi 20,000 kwa kuwa amekuambia kilichoharibika, unauliza amefanya nini hasa. Basi naye anakwenda kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kununua spea usiyoihitaji, anaweka cha juu, na hapo ndipo anapopata ujira wa akili yake ambao sisi tuliukataa.

Mwingine atasema dola 140 kwetu ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa, na kwamba huku wapo wazee wanaoendesha magari yanayolia kama ngoma kwa sababu hawawezi kulipa ada hiyo. Ni kweli, jirani yangu ni mmoja wao, na sioni cha kujivunia hapo. Lakini ukipiga hesabu ya plagi, maunti, uchomeleaji na masega yangu yaliyokwenda, sijui ni wapi nilipoibiwa zaidi.

Juzi mdogo wangu amenipigia simu kwamba gari lake linalia likipandisha kuelekea Kimara. Nikamtumia shilingi 30,000 nikamwambia ampe fundi kwa kuangalia tu, asiguse kitu, aseme kilichoharibika na sababu yake. Fundi akacheka, akakataa fedha. “Kuangalia ni bure, kaka,” alimwambia. Kufikia jioni gari lilikuwa na plagi mpya.