Usinunue Swichi kwa Sauti ya Video

Wengi wanaonunua kibodi za mekanika hapa Kampala huchagua swichi, yaani kile kifaa kidogo chini ya kila kitufe, kwa video. Mtu anavaa spika za masikioni, anasikiliza swichi kumi zikigongwa moja baada ya nyingine, kisha anaagiza ile iliyompendeza. Mzigo unafika, anazichomeka, na anachosikia hakifanani na alichokinunua. Lawama inakwenda kwa swichi au kwa muuzaji. Naona kosa liko kwenye kipimo. Video ile imekusikilizisha swichi, kepu (kifuniko cha kitufe), bamba linaloshikilia swichi, kasha, meza, chumba na maikrofoni kwa pamoja, halafu ikaandika jina la swichi peke yake.

Kila ukibonyeza kitufe, swichi hupiga mara mbili. Kishina, kile kipande kinachosogea ndani yake, kinashuka na kugonga sakafu ya gamba la chini. Ukiachia, springi inakirusha juu kigonge dari ya gamba la juu. Ndiyo maana plastiki ya magamba hayo ina uzito mkubwa katika sauti. Nailoni humeza sehemu ya mlio mwembamba, kinachobaki ni sauti nzito na fupi. Polikaboneti, ile plastiki angavu inayopitisha taa, hutoa mlio mkali zaidi. Watengenezaji wengi huchanganya: polikaboneti juu, nailoni chini. Swichi ya namna hiyo hushuka kwa sauti nzito na kupanda kwa sauti kali. Ukitaka kuzitenga sauti hizo mbili, bonyeza hadi mwisho, shikilia kidogo, kisha achia ghafla. Unapoandika kwa kasi zinasikika kama moja, na hapo ndipo watu wanapogombana kuhusu swichi ileile, mmoja anasema nzito, mwingine anasema kali, na wote wana haki.

Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ndiyo iliyoleta swichi za MX katika miaka ya 1980, na swichi nyingi za leo, za kampuni za Gateron na Kailh zikiwemo, bado zinafuata umbo lake la kishina chenye alama ya msalaba. MX Red ni ya linia: inateremka bila nundu yoyote, kwa nguvu ya sentinyutoni 45, inatuma herufi ikishuka milimita 2 kati ya safari yake yote ya milimita 4. MX Brown ni takitaili, ina nundu ndogo ambayo kidole kinaihisi lakini sikio halipati jambo kubwa. MX Blue ni ya kliki. Kishina chake kimegawanyika vipande viwili, na kile kipande cha chini kikivuka nundu huruka na kugonga. Mlio huo unatoka wakati wa kushuka tu. Kailh Box White nayo ni ya kliki, ila ndani yake mna ufito mwembamba wa chuma unaokwanyuliwa na kishina, nao hulia kushuka na kupanda. Box Jade na Box Navy zina ufito mnene zaidi, mlio wake ni mkubwa na safi kuliko wa White. Kwa hiyo anayesema hapendi kliki kwa sababu alijaribu Blue akaona inachakaracha, hajazisikia kliki zote. Amesikia utaratibu mmoja kati ya miwili iliyo tofauti kabisa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanunuzi wa linia: urefu wa nguzo ya kishina. Kwenye swichi ya kawaida, kingo za kishina ndizo zinazotua chini. Kwenye swichi ya nguzo ndefu, ncha ya katikati inagusa sakafu kabla ya kingo, safari inapungua hadi milimita 3 na nusu hivi au chini ya hapo, na pigo linatua sehemu moja ndogo. Matokeo yake ni mlio mkali, uliokauka ka! Ya kawaida huanguka pu, kwa upole zaidi. Ukisikia linia mbili za kampuni moja, zenye plastiki ileile, na moja inalia sana kuliko nyenzake, angalia kwanza urefu wa safari kwenye maelezo ya bidhaa. Mara nyingi jibu liko hapo. Swichi za kimya zimekwenda upande wa pili: kishina kimewekewa mpira unaopokea pigo. MX Silent Red, kwa mfano, ina safari ya milimita 3.7, na mwisho wake kidole kinahisi ulaini ambao wengine hawaupendi.

Sasa nitoe hukumu yangu. Kati ya kliki na zile aina nyingine mbili, tofauti ya sauti ni ya swichi na utaisikia popote. Lakini kati ya linia mbili za kawaida zilizotengenezwa vizuri na kupakwa grisi, tofauti ni ndogo kuliko ile inayoletwa na kepu au bamba. Vua kepu nyembamba za plastiki ya ABS za milimita 1, vika za plastiki ya PBT za milimita 1.5, na kibodi nzima inatoa sauti nzito zaidi. Bamba la alumini likiondolewa na kuwekwa la polikaboneti, hali ni hiyohiyo. Anayetafuta sauti nzito kwa kununua linia ya tatu na ya nne anatumia pesa mahali pasipo tatizo.

Huhitaji kuniamini, jaribu. Chukua kibodi ambayo swichi zake hutoka bila kuchomelewa. Weka swichi tatu tofauti kwenye F, G na H, kepu zilezile za safu hiyo. Gonga kila moja mara kadhaa, uandike unachosikia. Kisha zizungushe: ya F iende G, ya G iende H, ya H irudi F. Gonga tena. Kama tofauti imeihama swichi na kubaki kwenye nafasi yake, ulichokuwa unasikia ni bamba na kasha, kwa kuwa vitufe vya katikati na vya pembeni havitetemeki sawa. Kama tofauti imeifuata swichi, basi hiyo ni sauti ya swichi kweli. Mwambie mwenzako agonge huku wewe umemgeuzia mgongo, maana ukijua ipi ndiyo ya bei kubwa, sikio linaipendelea. Na usikilize zikiwa zimefuatana papo hapo. Kumbukumbu ya sauti ndogondogo kama hizi haidumu, na aliyesikia swichi moja dukani jana hawezi kuilinganisha kwa haki na nyingine leo.

Katika kuzungusha huko, miguu ya shaba ya swichi ndiyo inayoumia. Swichi ikiingizwa kwa pembe, mguu mmoja hukunjika chini yake, unabonyeza na herufi haitoki. Itoe, inyooshe kwa kibano, irudishe ikiwa wima. Kama kibodi imefunguliwa, tegemeza tundu kwa kidole kutoka chini unaposukuma, kwa sababu tundu hilo limechomelewa tu juu ya sakiti na likibanduka linaondoka na njia ya umeme. Swichi yenye miguu mitano kwenye sakiti ya matundu matatu inabidi ikatwe ile miwili ya plastiki kwa koleo kali.

Ukitaka kurekodi, simu inatosha, lakini kwa masharti. Iweke sentimita 30 kutoka kwenye kibodi, juu kidogo, na isisogee. Ukiisogeza hadi sentimita 15 sauti inaongezeka karibu desibeli 6, na hizo pekee zinatosha kuifanya swichi ya kawaida ionekane ya ajabu. Programu nyingi za kurekodi hupandisha na kushusha sauti zenyewe na kufuta kelele. Kibodi kwa simu ni kelele, kwa hiyo inafutwa. Tafuta programu inayohifadhi faili za WAV, zisizobanwa, na inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo. Kwa kulinganisha ukubwa wa sauti, usiguse viwango baada ya kurekodi. Kwa kulinganisha tabia ya sauti, sawazisha viwango kwanza, vinginevyo ile yenye kelele zaidi itashinda kila mara. Na tafadhali, usimtumie mtu sauti ya kibodi kama voisi ya WhatsApp. Voisi imebanwa kwa ajili ya maneno ya mtu, na sehemu kubwa ya unachotaka kumsikilizisha inapotea njiani. Litume faili kama dokumenti.

Chumba chenyewe nacho kinasema. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji, kuta tupu, na mabati yasiyo na siling'i. Mlio mkali unarudi kutoka kila upande, hivyo swichi ya nguzo ndefu iliyosikika vizuri katika studio yenye mazulia inakuwa kero chumbani Kawempe. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mabati yakianza kupigwa hakuna kulinganisha lolote, subiri. Meza pia. Ubao mwembamba wenye droo tupu chini hufanya kazi ya ngoma, na kila pigo la kitufe linapata mwangwi. Kabla ya kulaumu swichi, tandika kitambaa kizito au mkeka wa mpira chini ya kibodi ugonge tena. Kama sauti imebadilika sana, tatizo ni meza.

Sehemu ninayotaka watu waanzie ni stabilaiza, zile waya zinazoshikilia spesi, entaa, shifti na bakspesi. Spesi inayotikisika inaharibu sauti ya kibodi nzima, hata ukiweka swichi ghali kuliko zote. Ng'oa kepu, toa stabilaiza, chomoa waya. Ulaze waya juu ya kioo na ubonyeze ncha moja. Ncha ya pili ikiinuka, waya umepinda. Unyooshe kidogo kidogo kwa koleo mpaka ulale wote. Usiruke hatua hii, kwa sababu grisi huficha mpindo kwa wiki chache tu, kisha tikitiki inarudi upande mmoja. Paka grisi nzito ya silikoni kwenye zile ncha zinazoingia kwenye plastiki, kiasi cha kuzifunika kabisa, na tabaka jembamba kwenye kuta za ndani za nyumba yake. Grisi ya silikoni inapatikana soko la Kisekka kwa wauza vipuri, ile ya pini za breki. Soma kopo lenyewe liseme silikoni. Grisi ya beringi, nyekundu au nyeusi, usiikubali hata ukipewa bure, kwani mafuta yanayotokana na petroli yanaweza kuharibu plastiki na mpira.

Kwa swichi zenyewe, grisi ya Krytox 205g0 ndiyo iliyozoeleka kwa linia. Fungua gamba kwa kifungulio chake, chukua brashi ndogo ya kuchorea, namba 0 au 00, na upake reli mbili za gamba la chini, pande za kishina zinazopita kwenye reli hizo, na ncha ya nguzo. Kiasi sahihi hakionekani cheupe. Unaona mng'ao tu. Ukiona utando mweupe, futa. Grisi ikizidi, kishina hupanda kwa uvivu na sauti inazibwa kama imefunikwa. Springi zinapolia ting, zitie zote kwenye mfuko wa plastiki na matone machache ya mafuta ya GPL 105, funga, tikisa. Usiguse bati la mguso, kile chuma chembamba kinachounganisha umeme. Kwenye takitaili acha ile miguu ya kishina inayopita juu ya bati, la sivyo nundu inakufa. Na za kliki usizipake kabisa kwenye utaratibu wa mlio, kwa maana utakuwa umenunua kliki ukaifanya linia mbovu. Swichi 68 za kibodi ndogo huchukua nusu siku kwa anayeanza, na haraka hapa haina faida: swichi moja iliyokosa grisi kati ya nyingine utaisikia kila unapoigusa.

Vumbi letu jekundu ni adui wa kazi hiyo. Kiangazi, dirisha likiwa wazi karibu na barabara ya murram, vumbi linaingia kati ya kishina na gamba, linachanganyika na grisi na kuwa msasa. Swichi iliyokuwa laini inaanza kukwaruza, na mwenyewe anadhani imechakaa. Swichi za Box zina ukuta unaozunguka sehemu ya mguso, na hilo linasaidia mguso usikatike, ingawa reli bado zinahitaji kulindwa. Funika kibodi kwa kitambaa kila ukimaliza kazi. Usipulizie mafuta ya kufungulia bolti kwa matumaini kwamba yatasafisha; yanaosha grisi na kubeba uchafu hadi kwenye mguso.

Kuhusu ofisi, msimamo wangu ni mkali. Kwenye chumba cha watu sita, au duka la kuchapa pale Wandegeya ambako mteja anasoma makosa ya tasnifu yake kwa sauti huku mwingine akiongea na simu, swichi za kliki hazifai. Mlio wa Blue au Jade unapita juu ya mazungumzo kwa sababu ni mwembamba na mkali, na wenzako hawana namna ya kuuzima. Weka za kimya au linia ya kawaida ya nailoni yenye kepu nene. Kliki ziache nyumbani, na hata huko, kama ukuta kati yako na jirani ni mwembamba na unaandika usiku wa manane, muulize kwanza anasikia nini.

Mwenye kibodi inayompigia kelele leo, na pesa kidogo mfukoni, aanze na kitambaa chini yake, kisha stabilaiza, kisha grisi kwenye swichi alizonazo, kisha kepu nene. Akifika hapo na bado sauti haimridhishi, anunue swichi tatu tatu za aina anazozitamani, azizungushe kwenye F, G na H chumbani mwake, ndipo aagize za kibodi nzima.