Programu huria isigeuke lumbesa

Naanza na msimamo wangu ili tusizungushane. Kwenye programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa kila mtu, inayotunzwa na watu wa kujitolea, anayefuta mistari mia tano ya msimbo bila kuharibu kitu kafanya kazi kubwa kuliko aliyeongeza mia tano, na ajabu ni kwamba huyu wa kufuta tunampokea kama dogo aliyefagia uwanja, ahsante bana, haya turudi kwenye mambo ya maana.

Mimi na wenzangu kadhaa hapa Mbeya, wengine wako Iringa na mmoja yuko Makambako, tunatunza programu ndogo ya stoo kwa ajili ya maduka ya pembejeo. Ipo GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo na kushirikiana, kama zingine, haina makuu. Anayeitumia ni kijana wa Mwanjelwa mwenye laptopu ya mtumba ambayo betri ilishakufa, au mama wa Uyole anayeuza mbegu na mbolea kwa kutumia simu ya bei rahisi na bando la kubanabana. Ilipoanza ilikuwa inafanya mambo matatu tu, unapokea mzigo, unauza, unaona kilichobaki. Sasa hivi ukiifungua utakuta hali ya hewa, kalenda, chati zinazozunguka zenyewe, rangi za kuchagua, sehemu ya kuchati ambayo sijawahi kuona mtu anachatia, na nyuma ya kila kimoja kuna laibrari yake, yaani msimbo wa kuazima ulioandikwa na wengine, na laibrari hiyo nayo ina za kwake, ukifuatilia unaweza ukapotea huko.

Watu wa Uporoto na Njombe wanaijua lumbesa. Gunia la viazi linajazwa mpaka linashonewa kilemba juu, sheria inasema lisizidi kilo 100 lakini nani yuko shambani na mizani, mnunuzi analipa bei ya gunia moja halafu mkulima ndo anaondoka na hasara. Programu iliyovimba ni hivyo hivyo, anayejaza siye anayeumia. Developa anajaza akiwa kwenye intaneti ya ofisi, halafu apdeti inaenda kushuka kwenye simu ya Makete yenye GB 16 ambayo nusu yake ni video za magrupu ya WhatsApp.

Inakuwaje tunafika huko? Wengi watakwambia ni uvivu au ni ushamba wa kutojua kuandika msimbo vizuri. Mimi nakataa. Kwa ninavyoona ni adabu zetu. Mwanafunzi wa chuo kakesha usiku tatu, kaleta PR (ombi la kuingiza mabadiliko) yake ya chati, imeandikwa vizuri tu, ina testi, kaandika na salamu juu, "shikamooni wakubwa, naomba mpokee mchango wangu", sasa wewe unaanzia wapi kumwambia hatuihitaji? Huku kwetu kumrudishia mtu alichokuletea kwa mkono wake ni kitu kizito. Basi unapokea. Na yeye simlaumu hata kidogo, anatafuta kitu cha kuonyesha kwenye CV, wote tulipita hapo. Lakini mwaka unaofuata kamaliza chuo, kapata kazi Dar, namba kabadilisha, na chati zake zimebaki na sisi. Siku laibrari ya chati inabadilisha toleo na kila kitu kinagoma, anayekesha ni mtu ambaye hata hakuzitaka.

Chukua tarehe, kitu kidogo kabisa. Mtu alitaka skrini iandike "Jumanne, 3 Juni" akaleta laibrari nzima ya tarehe iitwayo Moment.js, na hiyo usipokuwa makini wakati wa kufungasha inakuja na lugha zake zote, zaidi ya mia, ili duka la Kabwe lijue kuandika tarehe kwa Kifini. Watunzaji wa Moment wenyewe walitangaza Septemba 2020 kwamba hawaongezi vipya tena na wakawashauri watu waangalie njia zingine. Na njia yenyewe iko ndani ya kivinjari bure, inaitwa Intl, ukiipa sw-TZ, alama ya Kiswahili cha Tanzania, inakuandikia tarehe kwa Kiswahili bila kudownlodi chochote. Kuondoa Moment kulichukua mchana mmoja wa mvua. Hakuna aliyetupongeza, sawa.

Sasa kuna watu wakisikia hivi wanasema aah hayo ni mambo ya bando tu, bando linashuka bei, simu zinakua. Hapana wadau. Bando ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba msimbo usiosomwa na mtu ndo mahali pa kujificha matatizo.

Mnakumbuka Heartbleed, tundu la usalama lililotangazwa tarehe 7 Aprili 2014. OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano, ilikuwa inalinda sehemu kubwa ya intaneti, benki, barua pepe, kila kitu, na kumbe mtu yeyote aliweza kuiomba seva irudishe hadi KB 64 za kumbukumbu yake kwa kila ombi, ndani humo kuna nywila, kuna funguo za siri, utakachobahatisha. Kosa lilikuwa kwenye kipengele cha kuulizana "upo?" kati ya pande mbili, kipengele ambacho wengi wala hawakuwa wanakihitaji lakini kilikuja kimewashwa, na kilikaa kwenye matoleo rasmi tangu Machi 2012. Miaka miwili! Mradi wenyewe ulikuwa unapata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka na una mtu mmoja tu wa kufanya kazi muda wote. Uliza dunia nzima ilikuwa inaegemea wapi.

Watu wa OpenBSD, mfumo endeshi huria, kundi linaloongozwa na Theo de Raadt kule Kanada, wakachukua nakala ya OpenSSL wakaanza kufyeka, wakaita LibreSSL. Ndani ya muda mfupi sana waliondoa mistari 90,000 hivi ya lugha ya C. Walichokuta humo ni kama stoo ya babu, msaada wa VMS, wa OS/2, wa Windows ya biti 16, mitambo ambayo mwaka 2014 ungeitafuta kwa tochi. Kibaya zaidi OpenSSL ilikuwa na utaratibu wake binafsi wa kugawa kumbukumbu, uliowekwa kwa sababu mifumo fulani ya zamani ilikuwa mizito, na utaratibu huo ukawa unazifunika zile kinga za OpenBSD ambazo zingeweza kulishtukia kosa mapema. Yaani uchafu wa kumsaidia mtu ambaye hayupo tena ukamziba macho mlinzi aliyepo. Hapo ndo huwa nasimama na hoja yangu na sitoki.

Ila nisiwadanganye kwamba kufyeka kulishinda moja kwa moja. Mifumo mingi ya Linux, mfumo endeshi huria unaotumika sana kwenye seva, ilibaki na OpenSSL, mmoja wao Alpine ulihamia LibreSSL halafu ukarudi, mwingine Void nao ukarudi, na lugha ya programu ya Python kuanzia toleo la 3.10 ikaacha kuisapoti LibreSSL. LibreSSL bado iko hai, ipo OpenBSD, ipo mpaka kwenye macOS, lakini vitu vilivyokosekana na tofauti zilizojitokeza viliwachosha waliokuwa wanaitegemea. OpenSSL nayo baada ya aibu ile ilipata hela na watu ikajisafisha. Kwa hiyo panga peke yake halitoshi, inabidi ujue nani yuko upande wa pili wa unachokata.

Ile ya xz, programu ya kubana mafaili, ya Machi 2024 naitaja haraka. Mlango wa siri ulipandikizwa kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na aliyeushtukia ni mhandisi wa programu Andres Freund kwa sababu kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Kinachonihusu mimi hapa ni kwamba sshd, programu inayopokea wanaoingia kwa SSH, yenyewe haina shida na xz kabisa! Baadhi ya mifumo ya Linux ilikuwa imeiunganisha sshd na laibrari ya systemd, programu inayowasha huduma za mfumo, ili tu itoe taarifa kwamba imewaka, na laibrari hiyo ikaja na xz mgongoni. Kazi ya mistari michache ikaleta msafara.

Haya, turudi huku kwetu, maana kufuta nako kuna ujinga wake. Kwenye programu yetu kulikuwa na kipande kinachosubiri sekunde kadhaa kabla ya kufunga mauzo yaliyolipwa kwa simu. Ukikisoma hakina maana yoyote. Dogo mmoja wa Iringa akakiona, akasema hii takataka inachelewesha watu, akafungua PR ya kukiondoa. Dada mmoja wa kwenye timu yetu hakubishana naye, akaendesha git log -S, amri inayoonyesha kipande kiliingia lini, akafuata nyuma mpaka kwenye komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya zamani iliyoandikwa "rekebisho" basi, neno moja, akamtafuta aliyeiandika kwa simu. Kumbe ujumbe wa malipo ulikuwa unachelewa kufika, muuzaji anaona kimya anabonyeza tena, mauzo yanaingia mara mbili, jioni stoo haifanani na vitabu. Wakakaa pamoja yeye na dogo, wakaweka ukaguzi wa namba ya muamala ili malipo yaleyale yasiingie tena, ndipo kule kusubiri kukafutwa. Hiyo ndo namna ya kufuta.

Na kitu kingine, sisi madevelopa tunajua kidogo sana nini kinatumika. Kikaoni wote tulikubaliana kitufe cha kutoa faili la CSV, jedwali la maandishi matupu, kiondoke, kibaya, cha zamani, kuna ripoti nzuri za rangi siku hizi. Kabla ya kukiondoa tukapita madukani kuuliza. Mama wa Uyole akatuambia, "Wanangu, hicho ndicho namtumia mhasibu kila mwisho wa mwezi, hayo mengine mapambo." Ripoti za rangi hajawahi kuzifungua. Kilichokuwa kinasubiri panga kilikuwa kinafanya kazi, na tulichokuwa tunajivunia ndicho kilivimbisha.

Wakubwa wanajua hili. Python walipoamua kuondoa moduli 19 (vipande vya msimbo vinavyokuja na lugha yenyewe) zilizopitwa na wakati, kina telnetlib na cgi, walitoa onyo kuanzia toleo la 3.11 mwaka 2022, zikaondoka kwenye 3.13 Oktoba 2024. Miaka miwili ya kumwambia mtu hama. Linux mwaka 2018, kwenye toleo la 4.17, waliondoa msaada wa aina nane za vichakato kwa mkupuo, karibu mistari laki tano, na dunia ikaendelea kuzunguka kwa sababu waliokuwa wanavitumia walikuwa wameisha.

Ninachotaka kwa mradi wetu, na nimeshakisema kwenye grupu wakanuna wachache, ni kwamba kila kipengele kiwe na mwenyewe kwa jina. Ukileta chati, jina lako linakaa kwenye chati. Ukiondoka unatuaga na tunatafuta wa kupokea, asipopatikana tunatangaza kwenye toleo linalofuata kwamba kinastaafu, tunapita madukani kuuliza, kikikosa mtetezi kinatoka. Halafu majina ya waliofuta yaandikwe kwenye taarifa ya toleo juu kabisa, kabla ya walioongeza. Na mwanafunzi akija na PR tusiyoihitaji aambiwe siku hiyohiyo, kwa upole, "Mdogo wangu kazi nzuri ila hatutaweza kuitunza", kisha apewe kitu cha kufuta ajifunze programu kwa ndani. Anayefuta analazimika kusoma, anayeongeza anaweza kuweka chake pembeni akaondoka bila kuelewa kilichokuwepo.

Kaka mmoja wa Makambako anasema hivyo tutawakimbiza vijana. Inawezekana, na hoja yake siidharau, maana tuko wachache. Lakini hata sasa wanakimbia, wanafungua repo, hifadhi yetu ya msimbo, wanakuta mafolda yasiyoisha wanaifunga.

Sehemu ya kuchati ndo inafuata. Mjadala uko wazi kwenye repo tangu wiki iliyopita, kama kuna duka lolote kuanzia Mbalizi mpaka Tukuyu linachatia humo liseme kabla hatujatoa toleo la Agosti.