Mama Zai wa Leicester ni Nani?

Jamani wachangiaji wa Uingereza, fomu ya Gift Aid, ile ya serikali kuongezea mchango wako kwa shirika la hisani, ina ugumu gani? Ukitoa paundi 100, serikali inaongeza 25, na mfukoni mwako haitoki hata peni. Halafu unajaza "Mama Zai, Leicester"! HMRC, watu wa kodi wa Uingereza, wampate wapi Mama Zai? Wanataka jina, jina la ukoo, namba ya nyumba, postikodi. Na tiki ya kukiri unalipa kodi, mbona mnairuka? Asiyelipa kodi ndiye kaitia kwa mbwembwe. Akidaiwa tofauti ya kodi, atamlaumu nani? Eti na tiketi ya bahati nasibu iombewe Gift Aid! Umenunua, hukuchangia! Mhazini wa shirika ana miaka 4 tu ya kudai nyongeza hiyo, nanyi mnahama nyumba kimyakimya.