Michoro ya penseli ya Constable: ushahidi wa shamba au wa mwenye shamba?

Mwaka 1888 Isabel Constable aliikabidhi makumbusho ya South Kensington, London, ambayo leo ni Victoria and Albert, vijitabu vya michoro vya marehemu baba yake, mchoraji Mwingereza John Constable (1776–1837). Cha 1813 na cha 1814 vimejaa penseli tupu: miti, majembe ya kukokotwa na farasi, malango ya maji ya mto Stour, mkoani Suffolk, Uingereza. Wapo wanaovishika kama hati ya maisha ya mashambani. Wengine wanasema hilo ni jicho la mtoto wa tajiri.

Wa kwanza wana mchoro wa tarehe 7 Septemba 1814, mashua ya mizigo ikiundwa kwenye gudi (shimo la kuundia vyombo) la Flatford, kando ya Stour. Ulinganishe na picha ya rangi aliyoionyesha mwaka uliofuata: mpango ni uleule, na kwenye rangi kimeongezwa chungu cha lami juu ya moto, tayari kwa kukalafati, yaani kuziba nyufa za mashua. Fundi wa mashua hapati cha kubishia. Lakini kinu cha hapo, gudi na mashua vilikuwa mali ya Golding, baba wa mchoraji, na hapo upande wa pili unapata nguvu: alivijua vifaa kwa sababu vilikuwa vya nyumbani kwao.

Lakini wa upande huo wanaposema vibarua kwenye michoro hawana sura, wanaharakisha. Ukurasa wa kijitabu cha 1813 ni kama sentimita 9 kwa 12; mtu aliye ng'ambo ya shamba anabaki na milimita chache, na penseli, hata ikichongwa vizuri, haiingizi macho humo. Tena penseli laini hupakaa ukurasa wa pili kitabu kikifungwa, kwa hiyo si kila sehemu iliyofifia ilikusudiwa kuwa mbali. Ghasia za vibarua wa Suffolk na jirani zake, waliodai mkate na ujira, zilikuja 1816. Vijitabu hivi havikuzificha, vilizitangulia.

Hoja nzito zaidi ya upande huo wa pili, ambayo kwa ajabu haitumiki sana, ni mchoro wa miti ya elmu aliouchora kijijini East Bergholt, Suffolk, tarehe 22 Oktoba 1817, mwaka mmoja baada ya ghasia. Karatasi ina karibu sentimita 60 kwa 50. Nafasi haikuwa tatizo tena, wala muda; lakini kilichofuatwa ufa kwa ufa ni magome, si sura za vibarua.