Taa inayohama si alama

Wandugu, mwandishi wa makala tuliyosoma ametusifia mnara wa taa wa Cordouan, Ufaransa, kwa kanisa lake na chumba cha mfalme, lakini kazi yenyewe ameipita mbio. Mnara huo uliomalizika 1611 umesimama juu ya mwamba kwenye mdomo wa mto Gironde, unapoingia baharini, penye mafungu ya mchanga yaliyomeza meli nyingi za kwenda Bordeaux. Hapo ndipo 1823 ilipowashwa mara ya kwanza lenzi ya Fresnel: pete za kioo zinazokusanya mwanga wa taa moja na kuutupa mbali baharini. Tena kila mnara una mpigo wake wa kuwaka na kuzima. Baharia anahesabu sekunde, anajua yuko wapi. Huo ndio ufundi, si mapambo!

Huku kwetu Goma, usiku taa nyingi unazoona ziwani Kivu ni za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo, nazo zinahama, kwa hiyo haziwezi kuwa alama ya kukuonyesha uko wapi. Boti iliyozama karibu na bandari ya Kituku Oktoba 2024 ilizama mchana, imejaa kupita kiasi, kwa hiyo taa isingeiokoa. Hata hivyo, taa chache za sola kwenye rasi za kisiwa cha Idjwi zingetushinda kweli?