Ufunguo wa maabara ya mazoezi upewe wanafunzi

Siku moja nilisimama nyuma ya mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, akimwekea bibi mmoja wodini kwetu kanula, yaani kile kimrija laini cha dripu kinachoingizwa mshipani kwa sindano iliyo ndani yake. Alimwamkia vizuri, akajitambulisha, akamweleza anachotaka kufanya. Hapo hakukosea kitu. Kisha akafunga mpira mkononi, ndipo akakumbuka kwamba pamba ya spiriti ameiacha upande wa pili wa kitanda. Bibi akangoja mkono umekazwa. Mara ya kwanza mshipa ulikwepa. Mara ya pili damu ilionekana, lakini badala ya kuishika sindano itulie na kuitelezesha kanula peke yake, alisukuma vyote pamoja, akatoboa mshipa upande wa pili. Pakavimba pale pale.

"Polepole, mjukuu wangu," bibi akasema. Nikamalizia mimi.

Tulipotoka koridoni alikuwa analia. Nikamuuliza kule chuoni amechoma mkono wa plastiki mara ngapi. Mara mbili: siku ya kufundishwa na siku ya mtihani. Siku nyingine zote chumba cha mazoezi hufungwa, ufunguo anao mwalimu mmoja, na midoli imefunikwa nailoni isiharibike.

Hilo linaniuma, na silisemi kwa chuo kimoja tu. Najua mkono ule ni ghali, ngozi yake ikishatobolewa sana huvuja, na kupata nyingine ni safari ndefu. Lakini ulinunuliwa utobolewe. Mwaka 1911 shule ya uuguzi ya Hospitali ya Hartford, Marekani, ilipokea mdoli wa ukubwa wa mtu mzima kutoka kwa Martha Jenkins Chase, mtengenezaji wa midoli ya watoto. Uliletwa ili wanafunzi waugeuze, wauvishe na kuuhamisha kitandani, na baadaye ukawekewa mahali pa kuchoma sindano. Zaidi ya miaka 100 baadaye, bado tuna midoli ya kutazamwa.

Tena mambo mengi ya msingi hayahitaji hata mdoli. Mpake mwanafunzi rangi kidogo juu ya glovu, mfumbe macho, mwambie anawe kama anavyonawa kila siku. Akifumbua macho atakuta ncha za vidole na dole gumba hazikuguswa. Ukimwambia kwamba kunawa kwa maji na sabuni kunataka sekunde 40 hadi 60, atakuitikia tu. Akipaona palipokosa rangi, hatapasahau. Au kuhesabu pumzi: dakika nzima, vidole vikiwa bado kwenye kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo, maana mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha namna anavyopumua. Hili wanafunzi wanaweza kufanyiana wao kwa wao, hata bwenini.

Na wafanyiane zaidi ya hayo. Mwanafunzi alale kitandani, mwenzake amgeuze ubavu bila kumwambia neno, halafu amgeuze tena akimweleza kila hatua. Aliyelala atajua hofu ya kuona ukingo wa kitanda unakuja usoni. Mimi nililazwa hivyo nikiwa mwanafunzi, na tangu siku ile sijamgeuza mgonjwa kimya kimya.

Walimu wenzetu wa vyuoni, wapeni wanafunzi chumba hicho jioni. Wachagueni wawili wanaoaminika, pawe na daftari la kusaini na boksi la kutupia sindano, na mwalimu apite walau mara moja. Kitakachoharibika kiandikwe, bajeti ya mwaka ujao ikitaje. Na ikiharibika, afadhali ngozi ya plastiki kuliko mkono wa yule bibi.

Jioni ile, baada ya shifti, nilikunja taulo, nikafunga juu yake mpira wa dripu mpya uliokwisha muda wake, nikaujaza maji niliyotia rangi nyekundu. Mwanafunzi wangu akakaa, akaanza upya. Alirudia mara kumi na moja. Mara tano za mwanzo alitoboa upande wa pili, na kila mara nilimwambia aushushe mkono, asubiri damu, aitulize sindano. Ilipofika mara ya saba, kabla hajaugusa mpira wa kufungia, aliisogeza pamba ya spiriti karibu na mkono wake wa kulia.