Dakika za Maswali Zisiliwe na Slaidi

Semina ya utafiti katika idara ya fizikia kwa kawaida hupangiwa saa moja, lakini mwanafunzi aliyekuja na swali mara nyingi huondoka nalo. Mzungumzaji hupitisha slaidi hamsini, hukimbiza milinganyo ambayo hata wataalamu wenzake hawajamaliza kuisoma, na zinapobaki dakika tano mwenyekiti huwapa nafasi maprofesa wawili wa safu ya mbele, kisha hutushukuru kwa kufika. Nimehudhuria semina za namna hii kwa miaka kadhaa, zamani nikiwa mwanafunzi na sasa nikiwa miongoni mwa wanaozipanga, na ninaamini kwamba tunakosea hesabu, kwa sababu makala ya mgeni tunaweza kuisoma wenyewe baadaye, ilhali nafasi ya kumhoji ana kwa ana ikishapita ni vigumu kuipata tena.

Sisi Watanzania tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliingiza kwenye friza mchanganyiko wa maziwa na sukari ungali moto, kwa kuhofia kukosa nafasi, na aiskrimu yake ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambaye hakuyachemsha maziwa yake. Walimu walimwona amechanganyikiwa, na baadaye, akisoma shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Kisha alifika shuleni hapo Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Wakati wa maswali Mpemba aliuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35 ya ujazo uleule, na wenzake wakamcheka. Osborne hakuwa na jibu, ila aliahidi kulijaribu jambo hilo, na aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara apime. Fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969.

Swali lile, ambalo jambo lake sasa huitwa athari ya Mpemba, bado linawaweka watu maabara. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya maji na kueleza kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba ya moto hutangulia kuganda, wakionyesha kuwa hata kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja kunaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, nchini Kanada, walilithibitisha jambo linalofanana na hilo kwa chembe ndogo iliyodhibitiwa kwa leza, na mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, wakatangaza kuliona umbo lake la kwantumu, yaani katika kiwango cha atomu, kwa ioni 12 (atomu zenye chaji ya umeme) zilizonaswa. Kwa hiyo jina la kijana wa Lushoto hutajwa leo katika semina za watu ambao huenda hawajui Lushoto iko wapi.

Najua pingamizi la wenzangu, kwamba maswali ya wanafunzi ni mepesi na humchosha mgeni. Mengine ni mepesi kweli. Lakini mengi hayaulizwi kabisa kwa kuwa mwanafunzi analiwaza jambo kwa Kiswahili, na kabla hajamaliza kuipanga sentensi yake ya Kiingereza kipaza sauti kimekwisha ondoka. Sioni hasara gani ingetupata kama angeuliza kwa Kiswahili na mmoja wetu akamtafsiria mgeni.

Semina ya mwezi ujao nitaiongoza mimi. Nimemwomba mzungumzaji aandae maelezo ya dakika 35, naye amekubali kwa shingo upande, na maprofesa wa safu ya mbele nimewaarifu mapema kwamba watasubiri mpaka wanafunzi watatu wawe wamekwisha kuuliza.